Uzi wa Kurasa za Mwisho

Kakuma, Turkana
Mwezi wa Julai

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia hata kabla hujaitamka. Hujambo? Mama hajambo na magoti yake? Yule ng'ombe mweupe amezaa, au bado anatuzungusha tu? Mimi ni mzima, nakula nashiba, ila jua la huku limeninyausha kama sukumawiki ya juzi. Salamu ya huku ni "ejok", nawe unajibu "ejok" hiyo hiyo, basi imekwisha. Siku za mwanzo nilidhani watu wananidharau, maana kwetu Wundanyi salamu peke yake yaweza kukuchelewesha kanisani.

Najua barua hii huisomi mwenyewe. Wakio, mdogo wangu, soma polepole, usiruke mahali, na usibadilishe maneno yangu kwa kumhurumia Baba. Nakujua.

Barua yenu ilinifikia. Wakio ameniandikia mambo mawili. La kwanza, kwamba kipupwe kimeingia, ukungu unashuka mpaka mlangoni, na Baba ameagiza vitabu vya kutisha kama ilivyo desturi ya nyumba yetu. Hilo lilinichekesha peke yangu mpaka mwalimu mwenzangu akachungulia. La pili, kwamba gari lilipokuja kuwachukua wazee kwenda kwa madaktari wa macho, ulipanda vizuri na koti lako la Jumapili, halafu mlipofika Mwatate ukasema umesahau tumbako. Ukashuka, ukaupanda mlima wote ule kwa miguu, unapapasa ukingo wa barabara kwa fimbo. Baba! Tumbako? Wewe uliyeacha tumbako mimi nikiwa darasa la pili? Hilo sikulicheka hata kidogo.

Sasa sikiliza. Vitabu nimekutafutia, na nitakueleza kimoja kimoja. Lakini kwanza niache nikumbuke kidogo, kwa sababu tangu barua ile ije sina usingizi wa maana.

Huku hakuna kipupwe, Baba. Mto tulio nao ni mchanga mtupu, na upepo ukivuma unameza mji mzima, hujui nani kafunga duka na nani hakufunga. Mimi nakaa nawaza jiko letu, moshi wa kuni mbichi, mvua ile nyembamba isiyo na kelele, nawe umeketi kwenye kiti chako cha kamba unatusomea kwa sauti ya chini mpaka Wakio anajifunika kanga kichwani. Mama anamenya mihogo na kujidai hasikilizi. Na kila kitabu kina uzi wa katani umefunga kurasa za mwisho, fundo lako lile gumu, ili tusichungulie. Ukifika kwenye uzi unafunga kitabu. Sura ya mwisho hukumsomea mtu hata siku moja. Ulikuwa ukisema, "Mwisho haupokewi kwa mdomo wa mwingine. Kila mtu na macho yake." Unaukata uzi, unasoma wewe kwanza, kisha mimi, kisha Wakio. Mama tunamkuta kesho yake ghalani, kajificha nyuma ya magunia na kitabu. Mimi shule haikunifundisha kusoma. Ni ule uzi.

Natamani nyumbani mpaka natamani hata matope.

Haya, vitabu. Kama nilivyokwambia, hapa kambini kwa wakimbizi nafundisha kina mama asubuhi, na alasiri nakaa kwenye chumba cha kusomea. Ni chumba cha matofali ya udongo chenye paa la bati, na vitabu huletwa na wasamaria kwa masanduku, vingine havina jalada. Katika sanduku moja nilipata vitatu vya kutisha, nikasema hivi vya Baba, ila nivipime kwanza. Nikawasomea kina mama wangu, nikitafsiri ninavyoweza. Wamo Wasudani wa kambini, na yumo Akiru, Mturkana wa hapa hapa anayeleta kuni na makaa kuuza, ambaye alikuja darasani siku moja kutafuta kivuli na hajaondoka mpaka leo.

Kitabu cha kwanza kina nyumba bondeni, mvua imenyesha siku nyingi, na maji yanapanda ngazi moja baada ya nyingine huku kitu fulani kikigonga sakafu kwa chini. Nikasoma kwa ile sauti yako. Nikafika pale maji yanapoingia chumbani mwa bibi wa watu, nikanyamaza ili watetemeke. Akiru akapiga makofi!

"Mwalimu, hiyo maji inakuja yenyewe mpaka kitandani? Bila kubebwa?"

"Ndiyo, Akiru, lakini wamo hatarini."

"Sasa hiyo watu inalia nini? Si wachote?"

Darasa zima likaungana naye. Wakamwona yule bibi ni mwenye bahati na asiye na shukrani. Nilijaribu kuwaeleza juu ya kile kitu kinachogonga, wakasema huenda ni samaki. Basi hicho ni chako, Baba, kisome mvua ikinyesha. Huku kimeshindwa kabisa.

Cha pili nilikiona cha kawaida tu. Dereva wa lori anampakia ajuza njiani. Ajuza anaomba maji. Dereva anasema hana, na dumu liko chini ya kiti chake, amelikanyaga kwa mguu. Ajuza anashuka. Tangu hapo kila mahali anaposimama, kwa muuza chai, kwa askari, hata kwa mtoto wake mwenyewe, mtu wa kwanza kumkaribia anamwuliza, "Una maji?" kwa sauti ya yule yule ajuza. Nilidhani watacheka tena. Baba, nilisikia bati linavyolia kwa joto. Mama mmoja wa Kisudani alifanya ishara ya msalaba. Akiru aliinuka, akaenda kwenye mtungi wetu, akamnywesha kila mtu, mmoja mmoja, na mimi pia, ndipo akakubali niendelee. Tangu siku hiyo mtungi ule haukai mtupu. Nimekisoma tena peke yangu, na sasa hata mimi kinanitisha, maana nimeshaishi huku.

Cha tatu ndicho chenyewe. Nilipokianza tu nikajua hiki ni cha uzi. Katani sina, nikachomoa uzi wa gunia, nikafunga kurasa za mwisho kwa fundo lako, nikakiweka rafuni. Kesho yake hakuna aliyekigusa. Wiki nzima hakuna aliyekigusa! Ila kila asubuhi Akiru akiingia anauliza, "Ejok, mwalimu. Kitabu imeamka aje?" Nikidhani ni utani, namjibu, "Imeamka vizuri." Kumbe, Baba, kwao mgonjwa akishafanyiwa mambo yao ya kuponywa hufungwa kamba ya ngozi shingoni, na kamba ile haiguswi na mtu mpaka apone. Wameona kitabu kimefungwa, wakajua kinaumwa. Mmoja alikuwa ameshawakataza watoto wasipige kelele karibu na rafu.

Nilicheka mpaka machozi, nikawaeleza habari yako na nyumba yetu. Nikawaambia pia juu ya macho yako, na ile tumbako ya Mwatate. Hapo hawakucheka. Akiru aliniuliza, "Baba yako anaogopa kisu?" Nikasema ndiyo, anaogopa. Nisamehe kama nimekuaibisha, lakini ndivyo ilivyo. Unasema macho ya uzee hayatibiwi. Unaogopa tu. Wewe uliyetusomea habari za mtu asiye na kichwa bila kupepesa!

Akiru akaniambia mama yake naye ana ukungu machoni, miaka sasa, anaongozwa kwa kijiti kama mbuzi. Tukasikia madaktari wa macho wamefika Lodwar. Basi nikaomba ruhusa, tukaenda. Magari hayaendi ovyo njia ile, yanakwenda kwa msafara na askari, kwa ajili ya majambazi. Tulipanda lori la Bwana Abdi, Msomali mmoja mwungwana, bibi kizee akiwa kati yetu, mimi na kitabu mkononi. Bwana Abdi alikitazama akaguna. "Mwalimu, wallahi, hofu iko hapa barabarani ya bure, wewe unaisomea tena kwenye karatasi?"

Bibi alikuwa akitetemeka, Baba, sikufichi. Hakusema amesahau tumbako, na anayo, anaitafuna kutwa. Alimshika Akiru mkono mpaka mlangoni, akaachia, akaingia mwenyewe.

Walimtoa bandeji asubuhi iliyofuata. Alikaa anapepesa. Kisha akamtazama Akiru, akamtazama, akamshika shavu, akasema neno, na wodi nzima ya Waturkana ikaangua kicheko. Nikauliza, kasema nini? Akiru analia na kucheka kwa pamoja. "Anasema nimezeeka. Anauliza nani alinizeesha bila kumwambia."

Nikamwomba amwulize kama iliuma, nipate cha kukuandikia. Bibi akajibu kwamba mwiba wa mguuni unauma kushinda, na mwambie huyo mzee aache utoto. Haya ni maneno yake, siyo yangu. Wakio, hapo umesoma yote?

Nami nikatoka nje ya hospitali nikakaa chini ya ukuta, nikalia. Si kwa ajili ya yule bibi. Likizo yangu iliyopita nilipoingia uani, na mkoba begani, ulininyooshea uso, ukaniambia, "Wakio, umechelewa na maji." Mpaka nilipoitika ndipo ukashtuka, ukacheka, ukasema jua lilikuwa limekupiga machoni. Siku ile kulikuwa na mawingu, Baba. Nikacheka nawe. Lakini sauti ile nimeibeba mpaka huku, na kila nikilala naisikia. Sitaki kuwa sauti tu nyumbani kwetu. Nimekonda, nina mvi mbili upande wa kushoto, nina kovu dogo la mwiba kidevuni. Hujaviona. Nataka uvione unigombeze.

Kwa hiyo mambo ni hivi. Bwana Abdi anashuka na mzigo Mombasa, ataacha furushi Voi kwa shangazi. Ndani mna samaki wakavu wa Longech, kule ziwani, kwa ajili ya Mama, na vitabu vitatu. Vitanuka samaki, usidhani ni mzimu. Viwili vya kwanza, Wakio, msomee Baba mpaka mwisho, sheria nimeilegeza.

Cha tatu kinahusu karani mstaafu anayeishi peke yake. Kila jioni akitoka shambani anakuta kiti chake kina joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Hakuna kilichoibiwa. Siku nyingine kikombe cha chai kimenywewa nusu. Siku nyingine miwani yake imepanguswa. Anabadilisha kufuli, joto liko pale pale. Basi siku moja hakwenda shambani. Akajificha nyuma ya pazia akangoja. Mlango ukafunguka bila haraka, kama anavyoufungua mwenye nyumba. Mtu akaingia, akakaa, akampa mgongo. Karani akalitambua koti. Na yule mtu, taratibu, akaanza kugeuza uso.

Hapo ndipo penye uzi.

Ule wa gunia nimeutoa. Akiru amefunga mwenyewe, kwa ngozi ya mbuzi, na fundo lake linalishinda lako. Ameniambia niandike hivi: baba akipona ndipo inakatwa, na anaikata mwenyewe. Wakio, ole wako uguse. Mama, nakuheshimu, lakini ghalani usiende nacho. Na wewe Baba, usijaribu kumbembeleza mtu akusomee, maana sheria si yangu. Gari la madaktari, naambiwa, litarudi mwezi ujao. Nimekuwekea pakiti moja ya tumbako ndani ya furushi, iweke mfukoni mwa koti, usije ukaisahau.

Nisalimie Mama, mwambie samaki awaroweke kwanza. Nisalimie shangazi wa Voi kwa kupokea mizigo yangu isiyo na mwisho, na mjomba wangu mpiga kinanda wa kanisani, na jirani yetu fundi viatu, mwambie viatu alivyonishonea bado vinakanyaga mchanga wa Turkana. Wakio, wewe nakukumbatia, najua mzigo wa nyumba umekuangukia.

Nitakuja Desemba, Baba, lakini siku sitaitaja. Nitakuja ukiwa shambani. Sitabisha hodi, na Mama nitamwomba anyamaze. Nitakaa kwenye kiti chako, nikupe mgongo, mpaka kipate joto. Ukiingia sitaitika, hata ukiniita kwa jina la nani. Nitageuka tu.

Mwanao,
Mshai