Rêve d'Or ao Pompéia

Lubumbashi, 3/2/2024

Mama Henriette,

Jambo sana. Magoti namna gani? Huku tuko wazima, Mungu anasaidia. Nataka kukutumia marashi yako ya zamani kwa Pasaka, lakini muuzaji ananionyesha mbili. Rêve d'Or ni tamu, maua na poda, namna ya mama za chorale ya kanisa. Pompéia ni kali, inashika nguo mpaka kesho. Rêve d'Or nilinusa, nikasema nzuri, basi. Pompéia ilinitoa machozi mbele ya watu, nilisikia haya! Hiyo njo yako, siyo?

Mutoto wako Joëlle

Kalemie, 20/2/2024

Joëlle mwanangu,

Salamu nyingi. Magoti yanauma, lakini nipo. Mwanangu, mimi ni wa Rêve d'Or tangu usichana. Pompéia ilikuwa ya Léonie, mudogo wangu. Yeye njo alikuzaa. Tulipokimbia vita Nyunzu, homa ilimuchukua njiani, wewe una miaka miwili. Ulikataa kulala bila kitenge chake. Nilikitia Pompéia tone moja moja mpaka chupa ikaisha. Sikukudanganya: kwetu mukubwa wa mama ni mama. Lakini niliogopa, siku utajua, utaniita Mama Mukubwa.

Mama yako Henriette

Kalemie, 15/7/2024

Joëlle,

Hujambo? Pasaka ilipita, na siku ya uhuru ilipita, wewe kimya. Kila mutu anayetoka Lubumbashi namuuliza kama ana barua, mpaka wananicheka. Hasira ni haki yako. Marashi achana nayo. Niite hata Mama Mukubwa, lakini niite.

Ni mimi, Henriette

Kalemie, 3/9/2024

Yaya Joëlle,

Nakusalimia katika kilio. Simu yako haipatikani tangu ijumaa, basi naandika. Mama alituacha ijumaa hiyo, ni moyo. Tulimuzika jumapili. Kifurushi chako kilifika jana, jumatatu, Rêve d'Or na barua ndani. Yaya, siku moja tu!

Alikuwa ananiambia: "Evodie, barua ikifika, angalia kwanza ameniitaje." Basi nilienda nayo kaburini. Rêve d'Or nilimumwangia yote, sikubakiza hata tone, unisamehe. Kisha nikafungua barua yako, nikamusomea kwa sauti neno la kwanza. Uliandika Mama.

Mudogo wako Evodie