Majani ya Mama Shani

Amman, Jordan

Baba Rehema, mume wangu,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, kazi inakwenda, ila baridi ya huku inaniuma vidole. Hali yako wewe? Safari hii siulizi kwa mazoea, nataka jibu. Rehema kikohozi kimemwacha? Na mama mkwe huko Matombo, migomba yake imesalimika na ule upepo?

Nimeandika kwa mkono kwa sababu nikikutumia sauti unaifungulia barazani, na haya si ya baraza. Anakuletea mwenzangu wa Kihonda anayerudi likizo.

Wifi Mwajuma alinipigia. Tulikuwa kwenye habari za mazao, neno likamtoka: "Kaka siku hizi chai yake ya asubuhi anapikiwa na Mama Shani."

"Mama Shani yupi?"

"Yule mjane anayeuza viungo sokoni. Anampikia majani ya mzeituni, ya presha."

Nikacheka ili asijue kilichonipata. Baba Rehema, nyumba hii ninayofanyia kazi ina mzeituni uani! Kila asubuhi nafagia majani yake, natia kwenye mfuko wa taka. Kumbe mimi nafagia, na huko mwanamke mwingine anakuchemshia. Ungesema, ningekutumia gunia zima.

Nilitaka sana majani hayo yawe mabaya. Nikamfuata bibi wa nyumba hii, maana naye huyanywa. Akaniambia, "Ni mazuri, binti yangu. Mama yangu aliyanywa mpaka uzeeni." Nikanuna. Lakini binti yake ni mfamasia, alikuwa pale anamenya chungwa. Akaniuliza, "Mumeo anameza vidonge vya presha?"

Nikasema anameza. Akaweka kisu chini.

"Basi asichanganye bila daktari kujua. Vidonge vinashusha presha, na majani nayo yanaweza kushusha. Vikikutana, anaweza kupata kizunguzungu akaanguka. Hata mwenye dawa za sukari ajihadhari."

Nikakumbuka uliponiambia ulipepesuka shambani ukashika mgomba. Ulisema ni jua. Wivu ukanitoka wote, hofu ikakaa mahali pake.

Nikaomba namba kwa wifi, nikampigia Mama Shani mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini nilipomsikia nikauliza hilo moja tu: unajua mume wangu anameza vidonge vya presha?

Akasema, "Wallahi dada, sikujua. Nilimwuliza kabla sijampa, maana wateja wangu wote nawauliza. Akaniambia hajaandikiwa dawa yoyote ya hospitali."

Hapo wivu ukarudi, tena umekuja na ndugu zake. Mimi unanificha chai, yeye unamficha vidonge! Ulitaka akuone kijana?

Siku ileile akafunga meza yake, akakupeleka zahanati ukapimwa, presha ikakutwa imeshuka mno. Haya amenisimulia yeye aliponipigia jioni, wewe mpaka leo kimya. Tena akanieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba muuguzi alimwambia, "Mama, mwangalie sana mumeo."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema nitamwangalia. Nilikuwa na wasiwasi, dada, sikuwaza."

Nilirudi kupiga pasi nikaunguza shuka la watu.

Sasa nisikilize. Vidonge meza kama ulivyoandikiwa, usiache. Majani usiyaguse mpaka umpelekee daktari ayaone na akubali. Akikubali, Rehema ni mkubwa, atachemsha yeye, na utanywea nyumbani kwako Mafiga. Nami nimeshamwambia bosi kwamba mkataba huu ukiisha siongezi mwingine. Aliniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Nikasema yupo, ila kuna na mzima mmoja anayenisumbua zaidi.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Msalimie wifi Mwajuma, mwambie mdomo wake mwepesi safari hii umefaa. Rehema mbusu, na umwonyeshe vidonge vyako vinakaa wapi.

Mama Shani naye msalimie. Mwambie namshukuru kwa kukupeleka zahanati, nasema kwa dhati. Na mwambie siku nyingine muuguzi akikosea, amsahihishe.

Mkeo, tena wa pekee,
Mama Rehema