Shimo Letu la Nyumba Kumi

Wifi yangu Mariamu,

Mimi sijambo, ila mgongo tu. Kaka yangu, mumeo, siku hizi anapika ugali mwenyewe. Ugali huo una mabonge, naye anatulazimisha tuusifu.

Nakuandikia juu ya lile shimo, maana najua ndilo ungeuliza kwanza. Ulikufa likiwa tupu, na jambo hilo liliniuma sana.

Unakumbuka tulivyohamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari? Kila mtu aliendelea kutupa taka nyuma ya nyumba, kama kule tulikotoka, ambako nyuma ni pori. Huku nyuma ya nyumba yangu ni mlango wa Mama Salima. Mvua ikinyesha uchafu wote unateremkia kisimani, watoto wanaharisha. Wewe, balozi wetu wa nyumba kumi, ukaleta mpango: shimo moja la wote, taka zioze humo ziwe mbolea ya shamba la kijiji, kisha tuchimbe jingine. Mkutanoni tulipiga makofi mpaka mikono ikawasha.

Na nani alileta taka? Hakuna. Kila mmoja aliogopa kuchanganya majivu na nywele zake na za jirani, mchawi asije akapata pa kuanzia. Mzee Mughwai akazungushia kona yake miti humo humo shimoni, kama zizi la mbuzi. Ulicheka hadi ukakaa chini. "Wifi, hata takataka wanazifungia!"

Kisha homa ikakuchukua. Mkutano ukasema shimo likikaa tupu hadi mavuno, lifukiwe.

Siku ya kumaliza matanga tulifagia nyumba yako. Unajua desturi, taka za marehemu hupelekwa mbali porini. Shangazi akanitwika karai. Nikaenda nalo mpaka shimoni, watu wote wakitazama, nikamwaga: majivu ya jiko lako, nywele ulizochana, kipande cha khanga. Nikawaambia, anayetaka kuroga aanze na huyu. Shangazi akaniita mwendawazimu. Nikalia pale pale, wifi, kamasi na machozi, wala sikuona haya.

Mama Salima aliondoka. Nikajua ndio basi. Kumbe amekwenda kwake kuchukua majivu. Akayamwaga juu ya yako na kusema, "Asikae peke yake."

Kesho yake wakaja wengine. Hata Mzee Mughwai aling'oa miti yake, akasingizia kwamba anaitaka kwa kuni.

Juzi tumelifungua. Mbolea nyeusi, laini, haina hata harufu. Walewale waliokuwa wakiogopa nywele za jirani walikuwa wanaichota kwa mikono na kugombania nani atangulie. Hakuna aliyeweza kusema hii ni ya nyumba ipi. Tumeitawanya yote shambani kabla ya mvua; mvua ya kwanza imeshanyesha, na watoto safari hii matumbo yao yametulia.

Wamenichagua mimi kuwa balozi, kwa mdomo huu huu uliokuwa ukiukemea. Shimo la pili limeshachimbwa. Nakuahidi halitalala tupu nikiwa hai, na siku nyumba yangu itakapofagiwa, nimeshamwambia Mama Salima karai alipeleke wapi.

Kwaheri, wifi. Pumzika. Mtama wa kijiji mwaka huu utaota juu yako na juu yetu sote.

Wifi yako,
Anna