Mtani wa Profesa

Jumamosi, 3 Mei

Darasa la namba. Nimefika wa kwanza, nikafuta ubao. Profesa amekuja na baiskeli yake kama kawaida. Ni Mnyamwezi mwenzangu, mzaliwa wa Goweko. Amefundisha nadharia ya namba chuo kikuu maisha yake yote, na sasa amestaafu. Jumamosi anatufundisha bure sisi wa kidato cha tano.

Leo katangaza kwamba mwezi ujao chuo chake kinamuaga kwa mhadhara, Dar es Salaam. Atachukua mwanafunzi mmoja akathibitishe jambo ubaoni mbele ya wanahisabati. Nataka niwe mimi. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Mwanaidi, yule mgeni darasani, kachelewa. Baba yake ni mfanyakazi wa reli, amehamishiwa Tabora juzijuzi. Mzaramo.

"Mtani, ngoma imeisha saa ngapi?" Profesa akamuuliza.

"Nilikuwa natafuta mpagazi wa kunibebea daftari, mtani. Kumbe Wanyamwezi wote mmestaafu."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilipotoa jibu sahihi alisema, "Sawa, Nyamizi. Endelea." Basi.

Jumanne, 6 Mei

Namchukia Mwanaidi. Hasomi kunizidi. Anachekesha kunizidi.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui niandikeje. Chaki ilimkatikia Profesa mkononi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nikasema kwa sauti: "Uzee huo, Profesa. Namba zimekushinda, nenda kalale."

Hakuna aliyecheka. Profesa alinitazama kidogo, akaokota kipande cha chaki, akaendelea kuandika. Hakuniuliza swali tena.

Jumapili, 11 Mei

Mama amezipata habari kanisani. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alisema utani una wenyewe: Mzaramo kwa Mnyamwezi, sawa, tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mnyamwezi kumwambia hivyo Mnyamwezi mwenzake, tena wa umri wa babu yake, ni tusi. Nilijua. Nilikuwa nataka acheke tu.

Kuomba radhi siwezi kwenda peke yangu. Mama anataka nipelekwe na mtani, maana mtani ndiye mpatanishi. Watu wazima wangepata wa kumtuma. Mimi mtani ninayemfahamu ni mmoja.

Jumatano, 14 Mei

Mwanaidi hakukataa, wala hakunicheka. Hilo nalo limeniuma.

Tulimkuta Profesa barazani. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Mwanaidi ndiye aliyeongea: "Mtani, nimekuletea mtoto wenu. Mmeshindwa kumlea, mpaka tuje sisi wa pwani."

Profesa akacheka, akaitikia marahaba, akaniambia niketi. Yamekwisha, akasema. Kisha akanieleza kuhusu kazi yake, taratibu, kama anaongea na mtu mzima. Katika miaka yote ya utafiti, watu wa kucheka naye hakuwakosa. Waliosoma uthibitisho wake mstari kwa mstari na kumwambia ulipovunjika walikuwa wawili, watatu.

"Wewe ni wa kundi hilo dogo," alisema. "Nilisikitika kuona unataka kuhama."

Nilirudi nyumbani nikiamini atanichagua.

Jumamosi, 17 Mei

Amemchagua Mwanaidi. Haogopi watu, alisema.

Mwanaidi akafanya majaribio ubaoni. Chukua namba tasa yoyote, izidishe kwa yenyewe, toa moja: jibu linagawanyika kwa ishirini na nne. Alithibitisha vizuri. Darasa likapiga makofi.

Lakini mbili ni namba tasa. Mbili mara mbili, toa moja, jibu ni tatu, haligawanyiki. Namba tasa tatu nayo inakataa, inatoa nane. Alisema yoyote. Profesa hakuliona kosa, alikuwa anacheka na mtani wake. Mimi nililiona, nikanyamaza. Nilimwona akilini amesimama Dar mbele ya wale wanahisabati, mtu wa kwanza ananyoosha mkono. Nikafurahi.

Jumapili, 18 Mei

Furaha haikufika asubuhi.

Baada ya ibada nilikwenda kwa kina Mwanaidi, nyumba za reli. Nikamwambia kuhusu mbili na tatu. Akavuta daftari, akazijaribu zote mbili. Halafu akauliza nililiona lini. Jana, nikasema.

Akaandika upya: namba tasa yoyote kubwa kuliko tatu. Akathibitisha tena, mimi nikiuliza kila hatua. Mama yake akatuletea chai na mihogo. Mwanaidi akasema atamwambia Profesa nani aliyeligundua. Sikumkataza.

Atakwenda yeye. Bado naona wivu. Jioni nimefanya hesabu mbili, zote zimetoka.