Kasi ya Sauti ya Maganga

Maganga, mpagazi wangu,

Shikamoo huipati, hata kama sasa umenitangulia. Kwanza ujue kwamba ulichelewa kuzikwa, na sababu ni mimi. Kaburi lilipokuwa tayari niliingia ndani nikajilaza, nikasema mimi Mzaramo sitoki humu mpaka Wanyamwezi wanieleze kwa nini mtu wao ameondoka kabla ya kutuimbia tena ule wimbo wake. Kaka yako aliponipa jogoo ndipo nikatoka. Watu walicheka, hata mkeo Vero alicheka huku kashika kanga mdomoni, nami nikaona kazi ya utani nimeifanya. Jogoo mwenyewe tulimla jioni ile ile. Alikuwa mgumu, mwenye shingo kama yako.

Huo wimbo ndio ulionikalisha chini nikuandikie. Ni ule wa babu wa babu yako aliyebeba pembe kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, uliourekodi sebuleni kwako, gitaa na sauti, kwenye ile mashine yako ya kaseti. Vero anataka tuupige siku ya arobaini. Picha zako anazo nyingi, lakini sauti yako iliyobaki duniani ni hiyo tu, kwa sababu kanda zako nyingine zina sauti za wengine, simu zilikuudhi na kompyuta yangu hukutaka hata kuiona.

Miaka yote ulinibishia. "Kondo, hiyo kompyuta yako inaufua muziki mpaka unapauka." Nami nikikujibu kwamba kanda zako zinavuma kama karai la maandazi. Ukisema mvumo ndio chumvi; nikisema basi umezidisha. Tulikuwa hatuachani mpaka Vero alete chai na matobolwa, tukatafuna viazi vyake huku tumenuniana. Nina hamu na ubishi ule, Maganga. Siku hizi namiksi peke yangu chumbani na hakuna anayeniambia nimeharibu.

Basi nikaifungua mashine yako. Mpira unaozungusha kanda ulikuwa umeyeyuka, unanata kama ulimbo. Fundi redio wa karibu na stesheni akaniwekea mwingine, akanionya kwamba kanda imechakaa, naweza kuichezesha mara moja na isimezwe, mara ya pili hajui. Nikaunganisha waya kwenye kompyuta, ndiyo, ile ile uliyoitukana, nikabonyeza. Wimbo ukaingia wote salama. Ila mpira mpya ulikuwa unavuta taratibu, nawe ukasikika kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Hilo nikaliona dogo. Kompyuta inaweza kuongeza kasi, na kasi ikipanda sauti inapanda nayo. Nikapandisha mpaka nyuzi za gitaa lako zikakaa sawasawa na kipimo cha sauti kinachotumika kila mahali. Nikapunguza mvumo, nikakata maneno uliyosema kabla ya kuanza, nikamwita Vero akae mbele ya spika. Akasikiliza ubeti mzima kwa heshima. Kisha akasema, "Shemeji, anaimba vizuri. Ni nani?"

Sikujua pa kuuweka uso wangu.

Ndipo nikakumbuka ubishi wako mwingine. Gitaa lako hukulipima kwa kipimo cha watu. Ulilifuatisha na kinanda cha kukanyaga cha kanisani, kigangoni kwenu, kwa kuwa ndicho ulichopiga nacho kila Jumapili, na sauti ya kinanda kile ilikuwa juu kuliko ya vinanda vyote. Ulikuwa unasema hicho kiko sawa, vingine ndivyo vilivyoshuka. Kwa hiyo nilipolinyoosha gitaa lako kwa kipimo cha watu nilikupa koo la mtu mwingine. Nikaenda kigangoni nikisikilize. Katekista akacheka: mchwa walishakila, na mbao zilizobaki zilipikia maharage ya kipaimara. Sasa wana cha umeme.

Nilirudi kwa Vero nimekata tamaa. Nikamwambia ukweli, kwamba kasi yako siijui na hakuna pa kuiuliza, na arobaini ni Jumamosi. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na pale aliponiita? Nilikuwa jikoni siku ile. Aliniita kabla ya kuimba."

Hayo ndiyo maneno niliyoyakata. Kanda sikuthubutu kuichezesha tena, lakini usinune, kompyuta ilikuwa bado imeyatunza. Nikayarudisha, na mvumo wako wote nikaurudisha, maana bila huo ulikuwa unaongea kama mtu asiye na nyumba. "Vero! We Vero! Hebu funga mlango huo, narekodi."

"Muziki siujui, shemeji," akasema, "lakini kuitwa nimeitwa na huyo mwanaume maisha yangu yote. Acha nirudi jikoni. Nikikaa hapa nitakuwa namsubiri aniite." Akaenda zake kuosha mboga. Mimi nikabaki sebuleni, napandisha kasi kidogo, nakuchezesha umuite, napandisha tena. Kutoka jikoni nasikia, "Bado." Kidogo tena. "Bado." Kidogo tena. "Huyo ni mdogo wake." Tukacheka wote wawili, kila mmoja chumba chake. Nikasogeza tena, kiasi ambacho mimi mwenyewe sikusikia tofauti.

"Vero! We Vero!"

"Abee!"

Akatoka jikoni mbio, mikono inachuruzika maji, akanipita kama hanioni, akaenda moja kwa moja kuufunga mlango. Alipoushika ndipo akakumbuka. Akabaki amesimama pale, ameuegemea kwa paji la uso. Mimi ambaye kaburini nilichekesha watu nililia mpaka nikaona aibu, na Vero akaja akanipa kanga yake nipanguse uso.

Nakupenda, Maganga. Sikuwahi kukuambia, kwa sababu ungenicheka mpaka leo.

Pumzika, mtani wangu. Ninachokuahidi ni hiki: maneno yale siyakati tena. Jumamosi, ndugu zako wa Kaliua wakishashuka kwenye treni na watu wakishakaa, wimbo utaanza na wewe ukimwita mkeo. Na baada ya hapo, kabla gitaa halijaingia, nimeacha kimya kidogo, apate nafasi ya kuitika.

Mtani wako,
Kondo