Bamba Ambalo Kambo Hakulisugua

Kwako Tantine, mama yangu mdogo uliyekuwa ukinisogezea kiti,

Leo ni Jumamosi, jua limetoka kali baada ya mvua, na nimefanya jambo ambalo sikuthubutu kulifanya tangu tulipokuzika. Nimeoka shaba.

Ulipokuwa ukija kwetu Kamalondo kutoka chuo cha Kasapa, na mabamba yako membamba yamefungwa kwenye kitambaa, Mama alikuwa akisimamisha cherehani na kucheka. "Mudogo wangu alisoma miaka yote ile, sasa anapika shaba!"

"Njo vile, yaya," ulimjibu dada yako mkubwa. "Na weye hautakula."

Mimi nilikuwa kimya pembeni, kama kawaida yangu. Ulinivutia kiti karibu na resho, lile jiko dogo la umeme, ili nione. Rangi zilianza kutembea juu ya shaba, chungwa, waridi, zambarau, halafu bamba likawa jeusi tii. Nikadhani limeungua. Ukanieleza kwamba shaba ikipata moto huvuta oksijeni ya hewani na kujivika ngozi mbili za oksidi, nyeusi juu na nyekundu chini. Hiyo nyekundu ndiyo uliyoichunguza maisha yako yote.

"Haiachi umeme upite kama shaba, wala haiukatazi kama kioo," ulisema. "Inangojea mwanga. Ni semikondakta." Nililibeba neno hilo hadi shuleni, na sikulitamka mbele ya mtu yeyote.

Na ile Jumamosi nyingine! Kambo, mama yenu, husugua msalaba wa shaba wa marehemu babu kila Jumamosi kwa majivu na ndimu. Katika nyumba ya mtu aliyefanya kazi kwenye tanuru la shaba, kama babu, shaba isiyong'aa ni aibu. Uliacha mabamba yako mezani, ukatoka kidogo. Uliporudi, yote yalikuwa yaking'aa kando ya msalaba.

"Nimekutolea kutu yote," Kambo alisema kwa furaha. "Bantu ba ku chuo bakiona bintu bichafu vile, batasema nini?"

Mama alishika kichwa. Mimi nilingojea machozi yako. Wewe uliketi chini ukacheka hadi kikwembe kikalegea kiunoni. "Mama, ile kutu njo kazi yangu!"

"Kumbe nilikusomesha kutu!" Kambo akashangaa.

Sasa nimemaliza shule. Mama ameniwekea cherehani ya pili karibu na yake, kwa upendo tu, kwa sababu anajua ninavyoogopa watu. Ili nisome fizikia, lazima niende Kasapa, nisimame mbele ya watu nisiowajua, na niseme mwenyewe ninachotaka. Basi nikajiambia: bamba likifanya kazi, nitakwenda. Likikataa, nitashona.

Bamba lilipokuwa jeusi nilizima resho, na mkono wangu ukatamani kulitumbukiza majini ili nijue upesi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinizuia: "Acha. Itajivua yenyewe." Nikaacha. Shaba ilipopoa ilinywea, na ngozi nyeusi ikashindwa kunywea pamoja nayo. Vipande vikaanza kuruka vyenyewe, tik, tik. Chini yake palikuwa pekundu kama udongo wetu.

Nililisuuza bila kusugua. Nikalisimamisha kwenye chupa ya maji ya chumvi pamoja na bamba jingine safi, yasigusane, nikayaunga kwa nyaya na kipimo chako cha zamani cha umeme, kile chenye mshale, nikatoka nayo uani.

Mshale ukapanda.

Nikalifunika bamba kwa kivuli cha mkono, ukashuka. Nikaondoa mkono, ukapanda tena. Hapakuwa na betri, Tantine. Mwanga uliotoka kwenye jua lenyewe, mbali kiasi kile, ulikuwa umefika kwenye ua wetu, ukaingia katika ngozi nyembamba ya shaba na kusukuma humo kitu ambacho hakuna jicho litakalokiona. Na mshale ukakisikia! Nilifunika na kufunua, nikifuta machozi kwa bega.

Halafu nikapiga kelele. Mimi! "Kambo! Mama! Mukuye muone!"

Mama alitoka mbio na tepu shingoni. "Ni weye unapiga kelele vile?"

Kambo alisogea karibu. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, kivuli chake kikaangukia bamba, mshale ukalala. Akauvuta mkono haraka kama aliyegusa makaa. Akakaa akitazama mshale ukiamka.

"Kumbe njo hii alikuwa anatafuta," alisema polepole.

Jioni alileta majivu na ndimu zake. Akausugua msalaba, akalisugua na lile bamba safi. Alipofika kwenye jekundu alifuta mikono, akalifunika kwa kitambaa chako ili vumbi lisiingie. "Hii, mutu asiisafishe."

Jumatatu ninakwenda Kasapa. Mama ameuliza kama anisindikize mpaka ndani. Nimemwambia mpaka kwenye lango tu.

Lala salama, Tantine.

Mtoto wa yaya yako