Ndoo ya Mama kwenye wimbo wa saba

Ijumaa. Jua limewaka tangu asubuhi na mlima umejificha kwenye mawingu yake. Mikono inaniuma hadi vidoleni kwa dramu za asubuhi.

Nimechoka. Ningelala, ila nisipoandika nitalala na jambo hili kifuani.

Albamu imeisha. Yaani, nyimbo zote saba tumezirekodi, hapahapa kwenye stoo ya kahawa ya marehemu Baba, nyuma ya nyumba ya Mama. Kuta tumezifunika kwa magunia na magodoro ili sauti isirudi. Mimi napiga dramu, Goddy anapiga gitaa na kuimba, Happy yuko kwenye besi, na huyohuyo Happy ndiye anayeshughulika na kompyuta kwa kuwa ndiye mwenye subira. Bendi ya roki, huku migombani. Shangazi bado ananiuliza kwaya yetu ni ya usharika gani.

Watu huuliza nyimbo zetu zinatoka wapi. Goddy ni mpagazi mlimani. Anashinda siku nzima akisikia "pole pole, pole pole", na akishuka kila wimbo anauleta kwa mwendo huohuo. Kazi yangu ni kuuchangamsha. Mdundo wa wimbo wa tatu nilimwibia Mama alipokuwa akimkatia ng'ombe mgomba kwa panga: mapigo mawili mazito, moja jepesi, kisha anapumua. Maneno tunayagombania wote watatu, na Happy hushinda kwa kununa.

Shida yetu kubwa ilikuwa kelele. Ng'ombe, jogoo, bodaboda, majirani wakiitana kutoka kihamba kimoja cha migomba hadi kingine. Tulirudia wimbo hadi hamu ikatuisha. Ndipo Goddy akakumbuka kwamba Jumamosi ni siku ya mfongo. Kila nyumba inayotumia maji ya mfereji ule hutoa mtu wa kupanda na jembe kuuzibua, kabla zamu za kumwagilia hazijaanza. Majirani wote wangekuwa juu huko. Kimya kitupu.

Tukaona tumepata.

Na kweli tulipata. Jumamosi hiyo iliyopita tulirekodi dramu, besi na gitaa za nyimbo zote, na sijawahi kupiga vizuri vile. Mama alikuwa Bomang'ombe kwa dada yangu aliyejifungua, akimpikia mtori, akijua kwamba nyumbani kwetu mtu wa jembe ni mimi. Goti lake haliruhusu tena. Nami nilijiambia watu watakuwa wengi, nani atajua sipo?

Walijua. Jumanne zamu yetu ilifika, maji hayakuja. Nikapanda hadi kwa Mzee Ndesario, msimamizi wa mfongo, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba vizuri tu, kisha akasema, "Siku ya kuchimba mlikuwa mnapiga makelele yenu. Basi mmwagilie hayo makelele."

Faini ni ileile ya tangu enzi za babu: mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuwanywesha waliochimba, na kipande chetu cha mfereji tukizibue wenyewe. Mpaka hapo mlango wetu wa maji umezibwa kwa udongo.

Mama aliporudi aliuona mfereji mkavu. Hakuniuliza kitu. Mama akigomba najua pa kujificha, akinyamaza sijui.

Leo mchana tumekaa kuusikiliza wimbo wa saba, ambao Goddy aliuingizia sauti jana. Ni wa taratibu, na maneno yake karibu yote ni yangu. Unamwambia mama apumzike, watoto tumekua. Kila gitaa lilipotulia, Happy alisikia kitu chini ya sauti ya Goddy. Maji yanamwagika, kimya, hatua za mtu, maji tena. Alidhani ni hitilafu ya nyaya. Akanivisha hedifoni.

Nilimjua kabla hajamwaga ndoo ya pili. Ni Mama, upande wa pili wa ukuta, na goti lake, akinywesha migomba kwa maji aliyoyateka bombani kule kanisani. Goddy anaimba pumzika mama, na mama anarudi kuchota.

Goddy amesema tuache hivyohivyo, inapendeza. Happy amesema tuurudie kesho, maana Jumapili Goddy anapanda mlimani na wageni na hatumwoni tena mpaka ashuke. Wakanitazama mimi, mwenye wimbo.

Nikaichukua kompyuta nikampelekea Mama jikoni. Sijui nilitaka nini kwake. Labda anigombeze, nipumue. Akavua kitambaa cha kichwa, akavaa hedifoni, akafumba macho kama yuko ibadani. Ameusikiliza wote.

"Hiyo ndoo yangu," akasema. "Mngeniambia mnarekodi, mwanangu, ningemwaga taratibu."

Angemwaga taratibu.

Nimetoka nje nikalia nyuma ya banda la ng'ombe. Nimeandika wimbo mzima wa kumpumzisha mama yangu, na sikuweza kumshikia jembe siku moja.

Jioni hii nimezifunika ndizi za mbege ili ziive. Kisha nimewaandikia wenzangu: kesho haturekodi, njooni na majembe, tunapanda kwenye mfongo. Happy amejibu sawa. Goddy ameuliza kama tutapanda pole pole.

Wimbo utamsubiri ashuke. Ndoo sitaki ifutwe kwa kompyuta. Nataka siku tutakaporudia maji yawe yanapita kwenye mfereji, na Mama awe ameketi.

Kesho mikono itauma tena. Safari hii iume kwa jembe.